Windows 11, Windows 10 au Linux Mint: upige ipi kwenye kompyuta ya mtumba?

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Mwanza mjini zimeshatumika maofisini ng'ambo: HP EliteDesk na ProDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Muuzaji atakwambia ni "Core i5, RAM 8, haina shida", na mara nyingi atakukabidhi ikiwa imeshapigwa Windows. Kama hiyo Windows ina leseni, kama bado inapata masasisho na kama mashine yenyewe inaruhusiwa kuibeba, hayo huambiwi. Kwa hiyo kabla ya kuingia kwenye ubishi wa Windows na Linux (mfumo endeshi wa bure, na Mint ni mojawapo ya matoleo yake), soma kwanza namba inayofuata baada ya hiyo i5.

i5-4590 ni prosesa ya kizazi cha nne, i5-6500 ni cha sita, i5-8500 ni cha nane. Kama stika imebanduka na mashine inawaka, bonyeza Windows+R, andika msinfo32, kisha soma mstari wa "Processor". Hata jina la modeli linasema. EliteDesk 800 G1 ni kizazi cha nne, G2 cha sita, G4 cha nane. Upande wa Dell, OptiPlex 7040 ni kizazi cha sita na 7060 ni cha nane. ThinkCentre M93p ni cha nne, M900 cha sita, M920 cha nane.

Mpaka uko kwenye kizazi cha nane. Windows 11 inataka Intel Core ya kizazi hicho kwenda juu, au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama) na UEFI (mfumo wa kuwashia mashine uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani) yenye Secure Boot, yaani ulinzi wa wakati wa kuwaka. Chini ya hapo mashine haimo kwenye orodha ya Microsoft, hata iwe i7 yenye RAM ya GB 16. Ndiyo maana, kwa anayetaka Windows 11, i3-8100 ni ununuzi mzuri kuliko i7-4770, ingawa dukani ile i7 ndiyo itakayosifiwa.

| | Windows 11 | Windows 10 | Linux Mint 22 |
|---|---|---|---|
| Prosesa | Kizazi cha 8 kwenda juu | Karibu zote za mtumba | Karibu zote za biti 64 |
| RAM ya kwenye karatasi | GB 4 | GB 2 | GB 2 |
| RAM ya kufanyia kazi kweli | GB 8 | GB 8 | GB 4 |
| Nafasi ya diski | GB 64 | GB 32 | GB 20, bora 100 |
| Faili la kupakua | Zaidi ya GB 5 | GB 4 hadi 6 | Karibu GB 3 |
| Masasisho ya usalama | Yanaendelea | Yaliisha 14 Oktoba 2025 | Hadi 2029 |
| Leseni | Ya kulipia | Ya kulipia | Bure |

Mashine yako ikiwa ya kizazi cha nane kwenda juu na una SSD na RAM ya GB 8, hakuna cha kuzungukazunguka: Windows 11 itakufaa, na Mint itakufaa pia. Ugumu uko kwa wenye kizazi cha nne hadi cha saba, nao ndio wengi.

Mafundi kadhaa hutumia Rufus (programu ya kuandika mfumo kwenye fleshi) kuondoa ukaguzi wa TPM na prosesa, kisha wanapiga Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha nne. Inapanda na inafanya kazi. Ila Microsoft haikuahidi chochote kwa mashine ya namna hiyo, na toleo kubwa la kila mwaka haliji lenyewe. Itabidi fundi arudi na fleshi. Kama uko Nansio, kisiwani Ukerewe, na fundi wako yuko Kirumba, Mwanza mjini, hilo la kurudi linahitaji meli. Mashine za Core 2 Duo zisahau kabisa: kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inahitaji maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haina, kwa hiyo haiwaki hata ukaguzi uondolewe.

Windows 10 ni ya kumalizia, si ya kuanzia. Microsoft imeweka mwaka mmoja wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, unaoishia 13 Oktoba 2026. Mashine iwe kwenye toleo la 22H2 na uwe na akaunti ya Microsoft. Unaweza kulipa dola 30, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kuwasha usawazishaji wa mipangilio. Kama tayari unayo na kazi zako zinakwenda, jiandikishe utumie muda huo kupanga kinachofuata. Lakini kuipiga upya leo kwenye mashine uliyoinunua jana, labda kwa sababu ya printa moja ya zamani tu.

Leseni, jambo ambalo dukani halizungumzwi

Mashine iliyotoka kiwandani na Windows 10 huwa imehifadhi ufunguo wa leseni kwenye mazabodi (motherboard). Ukipiga Windows 10 au 11 ya aina ileile, yaani Pro kwa Pro au Home kwa Home, ikiingia mtandaoni inajithibitisha yenyewe. Wengi hukwama hapa: mashine ilikuja na Pro, fundi akachagua Home, kisha anaambiwa leseni hakuna. Stika ya Windows 7 iliyobandikwa ubavuni haisaidii tena. Microsoft ilifunga njia hiyo Septemba 2023.

Ukisikia fundi anasema "zima antivirus kwanza nikuwekee activator", mzuie. Programu hiyo ya kughushi leseni inapewa mamlaka yote ya mashine huku mlinzi akiwa amelala, na hakuna anayejua ndani yake mna nini. Kwenye kompyuta ya kuingilia akaunti ya benki au kuhifadhi vyeti vya wateja, ni afadhali ule ujumbe wa kukumbusha leseni ubaki pale kwenye kona ya skrini.

Kazi yako inataka programu gani?

Baada ya kizazi cha prosesa, swali la pili ni hili: je, kuna programu moja au kifaa kimoja ambacho bila hicho hufanyi kazi?

Chukua steshenari ya jirani na chuo, tuseme Malimbe au Nyegezi. Kuomba mkopo wa HESLB, kuingia Ajira Portal, kusajili jina la biashara BRELA, zabuni za NeST, yote yanafanyika kwenye kivinjari. Firefox au Chrome kwenye Mint inafungua kurasa hizo sawa na kwenye Windows. Kuandika barua na CV, LibreOffice inatosha, kwa sharti moja: fonti. Faili la mteja lililoandikwa kwa Calibri likifunguliwa kwenye mashine isiyo na Calibri wala mbadala wake, mistari inasogea, kurasa mbili zinakuwa tatu na mteja anakasirika. Hakikisha fonti ya Carlito ipo, maana upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri, kisha weka kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer upate Times New Roman na Arial.

Lakini steshenari hiyohiyo ikiwa inatengeneza picha za pasipoti kwa Photoshop au mabango kwa CorelDRAW, habari inabadilika. Programu hizo hazina toleo la Linux. Kuna Wine, inayojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, ila huwezi kuweka biashara juu ya kitu kinachokubali leo na kugoma kesho. GIMP na Inkscape ni nzuri kwa anayeanza. Kwa mtu ambaye vidole vyake vimeshazoea Photoshop, kila picha itamchukua muda mrefu kuliko subira ya mteja aliyesimama mbele yake. TallyPrime na QuickBooks ya kusakinisha nazo ni za Windows. Na kama duka lako linatoa risiti za EFD kupitia programu iliyomo kwenye kompyuta, muulize aliyekufungia mfumo kabla hujafuta chochote.

Printa zinataka umakini wa pekee. Epson za L-series, zile za matangi ya wino, zinachapa vizuri kwenye Mint. Shida ni kwamba programu ya kurudisha hesabu ya wino taka, ile mafundi wanayoita resetter, ni ya Windows tu. HP LaserJet P1102 inakubali baada ya kuongeza kiambata chake kwa amri ya hp-plugin, ambayo inahitaji intaneti. Canon LBP2900 ni msumbufu kwenye Linux. Kama hiyo ndiyo printa yako, baki Windows.

Kuna eneo moja ambako Mint inaishinda Windows waziwazi: fleshi za wateja. Kile kirusi kinachoficha folda zote na kubakiza shotikati hakina kazi kwenye Linux, kwa sababu shotikati zake ni za Windows. Ukifungua fleshi kwenye Mint, mafaili yaliyofichwa yanaonekana yenyewe. Nakili unachotaka, futa zile za .lnk. Kwenye Windows dawa ni kufungua Command Prompt na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (weka herufi ya fleshi yako badala ya E), huku ukiomba usiwe umeshabofya shotikati mojawapo.

Bando

Kwa anayetumia simu kama chanzo cha intaneti, hiki si kipengele kidogo. Windows hupakua masasisho bila kuuliza, na bando la wiki linaweza kuisha mchana mmoja. Dawa yake: ingia Settings, Network & internet, fungua sifa za muunganisho unaoutumia, washa "Metered connection". Fanya hivyo kwa kila Wi-Fi na kila simu unayounganisha, kwa sababu mpangilio huo haurithiwi.

Mint inasubiri ruhusa yako. Update Manager inakuonyesha kila kifurushi na ukubwa wake. Unaweza kuacha hadi bando la usiku. Ila jihadhari na Software Manager: programu moja inaweza kuonekana kama kifurushi cha mfumo na pia kama Flatpak, yaani programu iliyofungashwa pamoja na maktaba zake. Flatpak ya kwanza huburuta maktaba za mamia ya MB. Chagua kifurushi cha mfumo kama kipo. Ubuntu ni ndugu yake Mint na ni mfumo mzuri, lakini programu zake za Snap (ufungashaji unaofanana na Flatpak) hujisasisha zenyewe na faili lake la kupakua ni karibu mara mbili. Kwa mtu wa bando, Mint.

ChromeOS Flex nayo ni ya bure na nyepesi, RAM GB 4 na diski GB 16 zinatosha. Haiendeshi programu za Android, na bila intaneti inabaki na machache ya kufanya. Inamfaa mwenye Wi-Fi ya uhakika na kazi zote za kivinjari, wengine waiache.

Kabla hujalipa na kabla hujapiga

Ukiwa bado dukani, zima mashine uiwashe, ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows kuwaka): F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkCentre. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache. Mashine za maofisini hufungwa hivyo, na bila nenosiri hutabadilisha hata mpangilio wa kuwaka. Kisha iunganishe na intaneti: kama imesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni iliyoimiliki, Windows ikipigwa upya itadai kuingia kwa akaunti ya kampuni hiyo. Kufuta diski hakuondoi usajili huo.

Angalia na saa. Tarehe ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, betri ya CR2032 imekufa. Inauzwa kwa bei ndogo, lakini ikiachwa, kivinjari kitakataa kurasa salama kwa madai kuwa vyeti si halali, na Windows itashindwa kuthibitisha leseni.

Fleshi ya GB 8 inatosha kwa Mint na kwa matoleo mengi ya Windows. Ya GB 16 inakuondolea wasiwasi. Pakua faili la ISO (lenye mfumo mzima wa kusakinisha) kutoka tovuti ya Microsoft au ya Linux Mint, usichukue zile "Lite" zilizochezewa na watu wasiojulikana. Mtandao ukikatika katikati, faili linaweza kufika likiwa na kasoro huku ukubwa ukionekana sawa. Lipime: kwenye Windows andika certutil -hashfile jinalafaili.iso SHA256, kisha linganisha na namba iliyoandikwa kwenye tovuti. Makosa mengi ya "usakinishaji umegoma kati" yanaanzia hapa au kwenye fleshi bandia.

Kwenye Rufus chagua ISO, weka GPT na UEFI, bonyeza Start. Ikikuuliza namna ya kuandika Mint, chagua ile ya ISO inayopendekezwa. Kama kompyuta nyingine huna, simu ya Android yenye waya wa OTG na programu ya EtchDroid inaweza kuandika fleshi ya Mint, ila ya Windows haiwezi.

Kupiga Windows 11

Chomeka fleshi, washa huku ukibonyeza F12 kwa Dell na ThinkCentre au F9 kwa HP, chagua jina la fleshi lililotanguliwa na UEFI. Chagua lugha, sema huna ufunguo wa leseni, chagua aina ileile iliyokuwamo. Ukifika kwenye orodha ya diski, soma ukubwa wake vizuri: yenye GB 7 au 14 na kitu ni fleshi yako, usiiguse. Futa migawanyo ya diski kuu hadi ibaki nafasi moja tupu, kisha endelea. Ukifuta migawanyo ukiwa umewaka kwa UEFI, lile kosa la diski kuwa MBR halikusumbui tena.

Mwishoni itadai intaneti na akaunti ya Microsoft. Chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti. Windows huitambua bila draiva, wakati Wi-Fi ya mtumba mara nyingi inasubiri draiva ambayo iko huko mtandaoni.

Kupiga Mint

Hatua za mwanzo ni zilezile, isipokuwa Mint inawaka moja kwa moja kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Tumia nafasi hiyo. Jaribu sauti, Wi-Fi, printa na skana hapo hapo. Kisichofanya kazi sasa hakitajirekebisha baada ya kusakinisha. Ukiridhika, bofya mara mbili "Install Linux Mint", weka tiki kwenye kodeki za sauti na video, chagua kufuta diski yote au kuishi pamoja na Windows, na saa za eneo weka Dar es Salaam.

Kama orodha ya diski ni tupu, hasa kwenye OptiPlex, ingia BIOS, tafuta SATA Operation, toa "RAID On" weka "AHCI". Hii ni sababu mojawapo ya watu kusema Linux imekataa mashine yao. Lakini kumbuka: Windows iliyopo haitawaka baada ya badiliko hilo bila maandalizi, kwa hiyo fanya hivyo pale tu unapofuta yote.

Kwa RAM ya GB 4 chukua toleo la Xfce, kwa GB 8 chukua Cinnamon. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji wa mfumo wowote kati ya hii, unaanza upya tu. Usithubutu kusasisha BIOS bila UPS, maana hapo ukikatika mazabodi inaweza kufa.

Siku za kwanza

Mtu aliyezoea Windows anahitaji kujua mambo machache kwenye Mint. Hakuna C: wala D:. Vitu vyako vyote viko kwenye folda ya Home, na fleshi inajitokeza pembeni mwa dirisha la mafaili. Ripoti.docx na ripoti.docx ni mafaili mawili tofauti. Na kubwa zaidi, bofya kitufe cha kutoa fleshi kabla ya kuichomoa: Linux huonyesha kuwa imemaliza kunakili wakati sehemu ya data bado iko kwenye RAM, na mteja anafika nyumbani na faili lisilofunguka. Windows imeachana na tabia hiyo tangu toleo la 1809 la Windows 10, na ndiyo maana watu wengi hawana mazoea ya kutoa fleshi kwanza.

Siku ya kwanza kabisa washa Timeshift uiwekee ratiba, ili sasisho likiharibu kitu urudi nyuma. Kwa anayejifunza Windows 11, anza na Windows+E ya mafaili, Windows+V ya kuona ulivyonakili, Windows+Shift+S ya kukata picha ya skrini na Ctrl+Shift+Esc ya kumaliza programu iliyoganda. Kisha angalia kama diski imesimbwa: kama ndiyo, ingia akaunti yako ya Microsoft uandike ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Mazabodi ikibadilishwa, bila ufunguo huo mafaili hayapatikani.

Ukitaka zote mbili

Windows ianze, Mint ifuate. Ndani ya Windows fungua Disk Management, punguza C: uache angalau GB 50 tupu, zima usimbaji wa diski, na kwenye mipangilio ya umeme zima Fast Startup. Usipoizima, Mint itaifungua diski ya Windows kwa kusoma tu, hutaweza kuhifadhi kitu humo. Baada ya hapo utagundua kuwa kila ukitoka Mint kwenda Windows saa inarudi nyuma saa tatu. Mint inahesabu saa ya mazabodi kuwa ya UTC, Windows inaihesabu kuwa ya hapa, na tofauti yetu na UTC ni hizo tatu. Fungua terminal ya Mint kwa Ctrl+Alt+T, andika timedatectl set-local-rtc 1, toa nenosiri lako, kisha weka saa sawa mara moja upande wa Windows.